Mgonjwa Amelala

Je, asubuhi ile koridoni Mzee Sanga alinitambua? Swali hili nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeolewa nikiwa nalo, nimezaa nikiwa nalo, na bado sina jibu. Mwezi uliopita tulimzika mkewe, Mama Atu, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa mwisho ambaye ningeweza kumuuliza, sasa najua kwamba jibu halitakuja tena. Ulikuwa msiba kama misiba yote ya Kimara: maturubai mawili, viti vya plastiki vya kukodi, masufuria ya wali uani, na wanaume wanaozungumzia mpira kwa sauti ya chini ili wasionekane hawana huzuni. Nilikaa mkekani pamoja na akina mama, hatua chache tu kutoka mlango wa chumba nilichoishi mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza wa kazi baada ya chuo kikuu. Baada ya chakula akanifuata Kessy, muuza spea za magari ambaye enzi hizo alikuwa rafiki mdogo wa mzee na mwenye kelele kuliko wote barazani. Sasa ana mvi na anatembea kwa kuegemea fimbo. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kisha akaniambia huku anatabasamu, kama anayemkumbusha mwenzake utani wa zamani, "Lakini mwalimu, mie sijakusamehe. Wewe ndiye uliyemvua mzee nguo." Nilitazama ule mlango, ambao siku hizi umepakwa rangi ya kijani, nikahisi hamu ambayo mtu wa umri wangu anaona aibu kuikiri: hamu ya kuingia, kuvua viatu, na kusubiri kuitwa mezani.

Mzee Sanga alikuwa na bastola. Niliseme hilo mapema, kwa sababu katika nyumba ile halikusemwa kabisa. Aliimiliki kihalali, leseni yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ndoa, na kila siku aliivaa kiunoni, chini ya shati lililoachwa nje, akaenda nayo kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi Ubungo. Sababu ya kuitafuta nilimsikia akiieleza mara moja tu. Miaka mingi kabla sijafika, majambazi waliingia nyumbani, wakamlaza kifudifudi sebuleni mbele ya watoto wake wawili, na mmoja wao akaweka kiatu shingoni mwake huku akimuuliza Atu, aliyekuwa darasa la pili, kama baba yake huwa analia. Vitu walivyochukua mzee hakuvitaja. Alitaja kiatu. Wiki iliyofuata akaanza kufuatilia leseni, na alipoipata hatimaye, Mama Atu akatoa sharti moja: jina la kile kitu lisitamkwe ndani ya nyumba, watoto wasije wakalitoa nje. Wakakubaliana kukiita mgonjwa. Mgonjwa hasumbuliwi, haguswi, chumba chake hakiingiwi bila ruhusa, na mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anajua hivyo bila kuelezwa mara ya pili.

Nilipopanga pale, Atu alikuwa ameolewa Mbeya na kaka yake anafanya kazi Mwanza, lakini neno lilikuwa limebaki. Nilipewa chumba cha Atu, chenye kabati lililobandikwa picha za maua na ratiba ya masomo ya kidato cha nne iliyopauka. Sakafu ya nyumba nzima ilikuwa ya saruji nyekundu, Mama Atu akiisugua kwa nta kila Jumamosi mpaka mtu anauona uso wake, na korido iliyotenganisha vyumba haikuwa na dirisha, hivyo hata mchana mtu aliingia humo kama anayeingia stoo. Kila jioni saa kumi na mbili mzee alirudi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita moja kwa moja chumbani, akafunga mlango. Sisi wawili tulisubiri. Vyakula vilikuwa vimefunikwa mezani: ndizi zilizopikwa kwa maziwa, au ugali na maharage yaliyoungwa kwa karanga, na karibu kila siku viazi, kwa sababu gunia la viazi na boksi la maparachichi viliteremshwa kila mwezi kutoka basi la Njombe na mzee hakuruhusu kitu cha nyumbani kwao kioze. Hakuna aliyegusa kijiko. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka na kanzu ya kulalia, amenawa mikono, akasema, "Mgonjwa amelala." Hapo ndipo Mama Atu alipofunua masufuria. Nimekula katika meza nyingi baada ya pale, nyingine zenye vitambaa vyeupe na watu wa maana, lakini sijawahi tena kujisikia salama kiasi kile kwa sababu tu mtu mzima ametamka maneno mawili.

Jumapili baada ya ibada walikuja wageni wake wawili, nao pia walikuwa watu wa silaha. Wa kwanza alikuwa Kessy huyu, wakati huo kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye bastola yake aliivaa kwa namna ambayo kila aliyekutana naye harusini aliiona. Wa pili alikuwa Mzee Maulidi wa Mbagala, mtu wa Lindi, askari wa wanyamapori mstaafu, mwembamba, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Yeye alikuwa na bunduki moja ya kufukuzia nyani kwenye shamba lake la mikorosho kule Mkuranga, na utaratibu wake wa kuihifadhi ulimfanya Kessy acheke kila wiki kana kwamba ndiyo kwanza anausikia.

"Bunduki yangu inalala Mbagala," Mzee Maulidi alieleza, "na risasi zinalala Mkuranga kwa dada yangu. Wakitaka kukutana sharti waniombe mimi ruhusa, kisha wamwombe dada."

"Na nyani je, babu?"

"Nyani wameshajua. Wakimwona dada amekwenda sokoni, wanaingia na watoto wao."

"Sasa jambazi akija Mbagala utamwambiaje? Subiri kidogo braza, nipande gari niende Mkuranga?"

"Jambazi akija kwangu atakuta redio na birika. Avichukue. Mimi nimezika askari watatu katika kazi yangu, Kessy, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na jangili. Wote waliuawa na bunduki iliyokuwa tupu."

Mzee Sanga alicheka kwa pua, akammiminia chai. Nilikaa ndani karibu na dirisha la sebule nikisahihisha madaftari, na maneno yao yaliingia pamoja na harufu ya tangawizi. Miezi ile mazungumzo yalikuwa yamegeukia jambo moja. Lilikuwa limetolewa tangazo kwamba kila mwenye silaha ataipeleka kuhakikiwa, na kwamba masharti ya kuendelea kumiliki yatakazwa: kuonyesha mahali pa kuifungia, kujaza fomu mpya, kueleza hali ya afya. Kessy alilichukia tangazo lile kama mtu aliyetukaniwa mama. "Waanze na majambazi," alisema. "Jambazi hana leseni, hana fomu, hahakikiwi. Sie tunaofuata sheria ndio tunaopangwa foleni. Leo wanahakiki, kesho wanachukua. Hiyo ndiyo ishu." Mzee Maulidi alijibu kwamba gari lake linakaguliwa breki kila mwaka na bado hakuna aliyelichukua. Kessy akasema babu hana gari. Mzee Maulidi akasema ndiyo maana halijachukuliwa. Na Mzee Sanga, aliyekuwa katikati yao kwa umri na kwa kila kitu, alisema jambo ambalo wakati ule niliona ni majivuno na leo naliona vingine. "Kuhakikiwa sina tatizo nako. Waje wahesabu risasi, wanione ninavyoitunza. Tatizo langu ni mtu kuniuliza kama bado nafaa. Ukishaulizwa hivyo, hata ukijibu vizuri, umeshashuka."

Ni katika kipindi hicho majirani walipokuja kumwona mgonjwa. Ukuta wa Mama Eliya, kiongozi wa jumuiya yetu ya usharika, ulikuwa mkono mmoja kutoka dirisha letu la kulia chakula, na kumbe jioni baada ya jioni alikuwa amemsikia mzee akitangaza. Alhamisi moja ya sikukuu, duka la mzee limefungwa, tukaona akina mama saba wanaingia getini kwa mpangilio, na machungwa kwenye mifuko, chupa ya uji wa ulezi, na vitabu vya nyimbo. Wakaketi. Wakaimba ubeti mmoja. Kisha Mama Eliya akasema kwa upole wenye kuuma, "Mama Atu, umetuficha mgonjwa miezi yote hii. Kila siku tunasikia amelala, amelala. Hivi sisi si wenzako? Au tumekukosea nini?" Mama mwingine akaongeza kwamba mgonjwa anayelala kila jioni saa kumi na mbili huyo si wa kuachwa, amezidiwa. Mama Atu, ambaye sikuwahi kumwona amekosa la kusema, alishika pindo la khanga akalizungusha kidoleni. Kudanganya mbele ya watu waliokuja kuomba hakuweza, na ukweli hakuwa na ruhusa ya kuutoa. Nilitazama sakafu. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka, na Mzee Sanga akatoka na kanzu yake, akawaamkia wote, akasema, "Mgonjwa ni mimi."

"Ee, baba. Pole. Unaumwa nini?"

"Mwili tu."

Wakamweka katikati. Akapiga magoti kwenye sakafu ile nyekundu, mtu mrefu kuliko wote, na mikono saba ikawekwa kichwani na mabegani mwake, na Mama Eliya akaomba kwa muda mrefu, akimtaja kwa jina, akiitaja nyumba yake na wote waliomo, mpaka nikajikuta nami nimefumba macho kwa moyo wote. Walipoondoka tulikula machungwa. Mama Atu alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. "Tumeombewa bastola," alisema, na ndiyo ilikuwa mara pekee nilipomsikia akilitamka neno lile. Mzee alijaribu kukasirika akashindwa. Kila ninapoutafuta mwaka ule, kumbukumbu ya kwanza kunijia ni alasiri hiyo: maganda ya machungwa kwenye gazeti, mwanga unaoingia kwa mlango wa uani, na watu wawili wazima wanaocheka bila kujua kwamba yule mmoja amesema kweli.

Kwa maana alikuwa anaumwa. Dalili zilianza kwa vitu vidogo, nasi tukazifunika kwa vitu vidogo. Jioni moja alitutangazia mara mbili kwamba mgonjwa amelala, mara ya pili ugali ukiwa umeshaliwa nusu. Jioni nyingine alitoka chumbani, akaketi, hakusema kitu, tukakaa na masufuria yaliyofunikwa mpaka mchuzi ukaganda. Mama Atu akanyanyuka mwenyewe, akaenda chumbani, akarudi na kusema kwa sauti ya kawaida, "Amelala," na mzee akaanza kula kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Akimhudumia mteja dukani alisahau ameagizwa misumari ya inchi ngapi. Wiki chache baadaye Mama Atu, akiloweka nguo uani, alitoa risasi moja katika mfuko wa shati. Aliishika kwa vidole viwili kama anayeshika mdudu, akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyefungua mdomo. Nimefundisha vijana kwa miaka mingi, nimewaambia mara elfu kwamba kunyamaza nako ni kusema. Sikulipata hilo kitabuni.

Halafu ikaja Jumatano ya mitihani. Nilikuwa nimefika shuleni, karibu na Mwenge, ndipo nikakumbuka nimeacha orodha ya alama chumbani. Nikarudi Kimara, nikafika yapata saa nne. Mama Atu alikuwa sokoni, na nilijua mzee yuko dukani, kwa hiyo nilifungua mlango wa uani kwa ufunguo wangu, nikavua viatu kama kawaida ya nyumba ile, nikaingia koridoni kwa miguu mitupu. Alikuwa amesimama mwisho wa korido, amevaa suruali na singlendi, mikono yote miwili imenyooshwa mbele. Giza lilinifanya nichelewe kuelewa mikono ile imeshika nini. "Mzee, ni mimi, Tabitha," nilisema. Hakusogea. Niliyaona macho yake, hayakuwa na hasira wala hofu, yalikuwa macho ya mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali. Nikasema kitu cha pili kilichonijia, kinachomjia kila mtoto aliyelelewa kama mimi anapokutana na mtu mzima: "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila jioni, ya upole, yenye mkwaruzo kidogo, lakini mikono haikushuka. Mdomo ulikuwa umeniitikia na mikono bado inanilenga. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Nje alipita muuza mkaa na baiskeli yake, akaita, na mzee akageuza kichwa kidogo kuelekea sauti ile, kama mtu aliyeitwa, kisha akashusha mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamsikia kutoka ndani akisema, peke yake, bila mezani kuwa na mtu, "Mgonjwa amelala." Alipotoka aliniuliza kama nimekula.

Sikumwambia mtu. Nilichukua orodha yangu nikarudi shuleni, nikasimamia mtihani, na nilinyamaza kwa wiki tatu. Nilijieleza kwamba ninamheshimu, kwamba si kazi ya mpangaji kumsema mwenye nyumba, kwamba labda alikuwa ananitania, kwa kuwa alipenda utani. Ukweli ni kwamba niliogopa kuhama. Nilikuwa nimempata mtu anayebaki macho mpaka nirudi, na mama anayenifichia kipande cha chini cha ugali kwa sababu anajua nakipenda, na nilihesabu kwamba nikisema nitavipoteza vyote. Hivyo kila jioni niliketi mezani na kuyapokea maneno yaleyale mawili, ingawa nilikuwa nimeshajua kwamba hayana uzito, na Mama Atu naye alijua, na kila mmoja wetu alimfunulia mwenzake sufuria.

Fomu ilifika mwezi wa kumi na moja. Kessy aliileta Jumapili, nakala mbili, yake ikiwa imeshajazwa. Kifungu kimoja kiliuliza kama mmiliki ana tatizo lolote la kuona, kusikia au kumbukumbu, na chini yake palikuwa na nafasi ya shahidi anayeishi naye nyumba moja, asiyekuwa mume wala mke. Katika nyumba ile mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Mzee Sanga aliniita barazani. "Binti, wewe una mwandiko mzuri, nijazie hii. Hapo kwenye afya andika hapana, kisha usaini."

"Andika hapana, twende kwenye chai," Kessy alisema. "Swali lenyewe la kipuuzi. Nani atajiandikia kwamba ana wazimu?"

"Kumbukumbu na wazimu ni vitu viwili," Mzee Maulidi alisema.

"Sasa babu, unataka aandike nini?"

"Mimi sitaki kitu. Kalamu anayo yeye. Wewe umeshika kikombe tu, na hata hicho kimekushinda, unamwaga."

Nilisema nitaijaza baadaye, ina maandishi mengi. Walipoondoka ilikuwa saa kumi na moja, jua limelala kwenye ukuta wa Mama Eliya. Mama Atu alikuwa jikoni, mlango wazi, akikaanga vitunguu. Nilirudi barazani na fomu juu ya daftari, nikaketi kwenye kiti alichokaa Mzee Maulidi, nikamuuliza mzee swali ambalo nimeanza nalo simulizi hii. "Mzee, siku ile koridoni, ulinijua kwamba ni mimi?"

Akanitazama kwa utulivu. "Siku gani?"

Nimeyageuza maneno hayo mawili pande zote. Kama alikuwa amesahau kweli, basi alikuwa hatari kuliko tulivyodhani. Kama alikumbuka na akachagua kuuliza hivyo, basi alikuwa anaona aibu, na mtu anayeona aibu bado yupo, bado anajua alichokifanya, na pengine hata pale koridoni alijua. Uso wake haukunipa upande wowote. Nikainama nikaandika: ndiyo. Katika mistari iliyoachwa kwa maelezo nikaandika nilichokiona, bila kupamba na bila kupunguza, pamoja na risasi ya kwenye shati. Sikuwa nimeomba ruhusa ya Mama Atu. Jikoni kijiko kilikuwa kimeacha kugonga kikaango.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika ndiyo, mzee."

"Nisomee."

Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye korido, yeye akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza habari za mtu wa mtaa mwingine. "Unajua kwamba ukiipeleka hiyo wataichukua."

"Najua."

"Na wale watu wakija tena. Wakinilaza tena pale sebuleni, mbele ya mke wangu, mbele yako. Mimi nitakuwa nani humu ndani?"

Nilikuwa na shahada, nilikuwa na miaka ishirini na minne. Aliyejibu ni Mama Atu, aliyekuwa amekuja akasimama mlangoni na kijiko mkononi. "Utakuwa Baba Atu. Ulikuwa Baba Atu kabla hujaileta."

"Umemtuma huyu mtoto?"

"Sikumtuma. Nilikuwa nangoja nipate nguvu ya kusema mwenyewe. Amenitangulia."

Vitunguu vikaanza kuungua na hakuna aliyekwenda kuvigeuza. Kisha mzee akaichukua fomu mapajani mwangu, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. "Sitaki waje kuichukua kwangu kama wanaomfuata mwizi," alisema. "Nitaipeleka mwenyewe. Kesho unaingia shule saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Basi tutatoka saa kumi na mbili."

Kessy anaamini kwamba niliivunja heshima ya mzee. Sina hoja ya kumshinda, kwa sababu baada ya siku ile hakuna kilichotokea: hakuna jambazi aliyekuja, hakuna aliyeumizwa, na jambo lisilotokea huwezi kumwonyesha mtu. Mzee aliishi miaka minne zaidi. Katika mwaka wa mwisho aliniita Atu, na Atu akamwita kwa jina la dada yake mzee, aliyefariki utotoni. Mimi nilihama baada ya Pasaka, bila ugomvi, nikasindikizwa na kilo kumi za viazi. Ila tangu Jumatatu ile hakuwahi tena kunisubiri nirudi, na jioni alikuja mezani moja kwa moja kutoka getini, akaketi, akala, kama watu wa nyumba nyingine zote. Tulikuwa salama zaidi, na meza ile haikuwa tena mahali pa kukimbilia. Hata leo, nikiwa nimepangiwa kuzungumza kwenye vikao vya wazazi kuhusu hatari za nyumbani, ninayajua yote ya kusema, na ninapomaliza huwa namkumbuka kwa hamu mzee mmoja aliyepiga magoti.

Asubuhi ile ya Jumatatu alivaa shati jeupe la kanisani. Mama Atu alimfungia kitu kile kwenye kitambaa, akakiweka ndani ya mfuko wa shule wa Atu wa zamani, nami nikabeba fomu. Tulitembea, kituo cha polisi hakikuwa mbali, na njiani aliwaitikia wote waliomwamkia. Kaunta alikuwepo askari kijana mwenye daftari kubwa. Alituamkia kwa heshima, akasikiliza, akasoma maelezo yangu mpaka mwisho, akanitazama. Akaomba mfuko. Mzee akaufungua mwenyewe. Akatoa magazini yenye risasi akaiweka upande, akavuta chuma cha juu nyuma kwa nguvu, akaangalia ndani, akamwonyesha kijana, akavuta tena, akaangalia tena, kwa mikono ambayo asubuhi hiyo haikusahau hatua hata moja. Kijana akaandika namba, akaandika jina, kisha kalamu ikasimama.

"Mzee, hapa kwenye sababu niandike umesalimisha kwa hiari?"

Mzee Sanga alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu hata mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu, aliyekuja kuripoti wizi wa kuku, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Sikuthubutu kumtazama.

"Andika hivyo," alisema.

Akasaini mahali nilipomwonyesha kwa kidole. Tulipotoka alisimama kwenye ngazi, akaishika suruali yake iliyoanza kuteremka kwa kukosa uzito uliokuwa ukiikaza upande wa kulia. Akafungua mkanda palepale, mbele ya watu wanaopita kwenda kazini, akauvuta hadi tundu la ndani zaidi, akaufunga.

"Nenda," aliniambia. "Utachelewa."